Shajara ya mradi: mwaka mmoja wa kufanya kazi na afisa wa miti wa halmashauri

15 Januari 2024: Tulipoanzia

Sisi ni kikosi kidogo cha mafundi miti hapa Uingereza: wapandaji wawili, mtu wa chini mmoja, lori dogo na mashine ya kusaga matawi. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu vijana wetu wanaoingia kazi hii hufundishwa vizuri kamba, chensoo na namna ya kumshusha mwenzao aliyeumia juu ya mti, ila hakuna anayewafundisha kumwandikia afisa wa miti, yaani mtumishi wa halmashauri anayeamua maombi ya kukata na kupogoa miti. Na sehemu kubwa ya kazi zetu hupita mezani kwa afisa huyo kabla msumeno haujawashwa.

Mradi wenyewe ni huu: kwa mwaka mmoja tunabadilisha namna tunavyoshughulika na ofisi yake, tunaandika kilichofaa, kilichofeli na kilichotugharimu. Halmashauri siitaji. Mambo yake ni ya kawaida kabisa, na anayefanya kazi wilaya nyingine atayatambua.

Sheria kwa ufupi, na ni ya England tu. Wales, Scotland na Ireland Kaskazini zina kanuni zao. Mti wenye amri ya ulinzi (tree preservation order, amri ya halmashauri ya kulinda mti) haukatwi wala haupogolewi bila kibali cha maandishi. Ombi halina ada, na halmashauri ina wiki 8 za kuamua. Mti usio na amri lakini uliomo ndani ya eneo la urithi (conservation area) unatakiwa utolewe taarifa wiki 6 kabla ya kuguswa, ikiwa shina lake linazidi kipenyo cha milimita 75 kwenye kimo cha mita 1.5. Haya yamo katika Sheria ya Mipango Miji na Vijiji ya 1990 na kanuni za miti za 2012. Kwa kawaida kibali kinadumu miaka 2. Anayekata bila kibali anashtakiwa, na aliyeshika msumeno hajifichi nyuma ya mwenye nyumba. Tangu hukumu ya Maidstone dhidi ya Mortimer ya 1980, "sikujua kama mti una amri" si utetezi.

Hali ya leo: maombi mengi yanarudi yakidai maelezo zaidi, na kila likirudi wiki zinaanza kuhesabiwa upya. Mafundi wanasema afisa hajawahi kuvaa mkanda wa kupandia. Maafisa wanasema mafundi wanauza ukataji, si utunzaji. Pande zote mbili zina chembe ya ukweli, na ndiyo maana hakuna anayeshinda mabishano hayo.

12 Februari: Karatasi ya kwanza na mgongano wa T3

Tulitengeneza karatasi ya kuambatanisha na fomu rasmi: anwani, aina ya mti, vipimo, kazi inayoombwa, sababu, picha, ramani ya kuchora kwa mkono. Tukaituma na maombi ya mwezi huu. Yalirudi, na safari hii hayakurudi kwa upungufu wa maelezo. Yalirudi kwa sababu maelezo yalikuwa mengi na hayasomeki.

Tatizo kubwa lilikuwa namba. Amri ya ulinzi ina jedwali lake: T ni mti mmoja mmoja, G ni kundi, A ni eneo, W ni msitu. Ramani yetu nayo ilihesabu miti kwa T, kuanzia langoni. Kwenye bustani moja, T3 ya amri ni mwaloni mkubwa nyuma ya gereji, na T3 yetu ilikuwa mti mchanga wa tilia (lime) kando ya lango. Kwa hiyo ukilisoma ombi ukiwa ofisini, lilikuwa linaomba kuufyeka hadi chini mwaloni wenye umri mkubwa kuliko mtaa wenyewe. Jirani mmoja aliliona kwenye rejista ya wazi ya halmashauri akaandika pingamizi la kurasa mbili kuhusu mwaloni ambao hakuna aliyekusudia kuukata. Afisa alilazimika kulijibu pingamizi hilo kwa maandishi. Saa alizopoteza pale sisi hatukuziona, ila ndizo tulizokuja kuzilipa baadaye kwa majibu ya mkato.

Tulivyorekebisha: ramani yetu sasa inatumia herufi M, kamwe si T. Kabla ya kuandika lolote tunaomba nakala ya amri yenyewe, si jibu la "ndiyo, una ulinzi" kwenye simu, na kila M inaandikiwa namba yake ya kwenye amri. Nakala hiyo ina faida ya pili. Amri ya aina ya A inalinda miti iliyokuwepo siku ilipotolewa, basi. Amri ya miaka ya 1970 haiwezi kuulinda mti uliopandwa miaka ya 1990, ila ni lazima uonyeshe umri wa mti, na afisa hatakufanyia kazi hiyo.

Picha nazo tumezipunguza kutoka rundo hadi tatu kwa kila mti: mti mzima pamoja na nyumba au barabara, upande unaohusika, na kasoro yenyewe kwa karibu ikiwa na futi ya kupimia ndani ya picha. Tawi lenye ufa lisilo na kitu cha kulinganishia linaweza kuwa na unene wa kidole au wa mapaja mawili.

Gharama: kipima urefu cha mkononi, pauni 90 hivi, na jioni kadhaa za kubishana kuhusu karatasi.

11 Machi: Asilimia zimekufa

Hili ndilo badiliko lililoleta tofauti kubwa kuliko yote, na ningeanza nalo kama ningekuwa naanza leo.

Lugha ya mafundi wengi ni "punguza mwavuli kwa asilimia 30", mwavuli ukiwa ni matawi na majani ya juu ya mti. Mteja anaielewa, bei inatoka haraka. Sasa muulize fundi: asilimia 30 ya nini? Ya urefu? Ya majani? Ya ujazo wa mwavuli? Tulikaa na kalamu. Ukipunguza mwavuli kwa asilimia 30 kwenye vipimo vyote vitatu, urefu, upana na kina, kinachobaki ni 0.7 mara 0.7 mara 0.7, yaani 0.343. Theluthi mbili ya mwavuli imeondoka. Mtu mmoja anaandika asilimia 30 akiwaza kunyoa ncha, mwingine anaandika hiyo hiyo na kuacha mti umebaki nguzo. Afisa akisoma hawezi kujua anasoma maneno ya yupi, kwa hiyo anamchukulia kuwa ni yule wa pili. Mimi ningefanya vivyo hivyo.

Kiwango cha Uingereza cha kazi za miti, BS 3998 cha 2010, kinataka vipimo halisi vya mti utakavyobaki. Ombi letu la mwaloni wa nyuma ya gereji, lilipoandikwa upya, lilisema hivi: urefu kutoka mita 16 hadi mita 14, upande wa kusini, ulioko juu ya paa, matawi kutoka mita 6 hadi mita 4.5, pande nyingine hazitaguswa, hakuna jeraha litakalozidi kipenyo cha milimita 75, kila mkato uishie kwenye tawi dogo linaloweza kuendelea kukua. Kibali kilitoka bila swali hata moja.

Kulikuwa na vita vya upande wa pili. Mpandaji wetu mkongwe alilalamika kwamba mita ni za wahandisi, kwamba mti unapunguzwa kwa jicho ukiwa juu. Ana haki yake. Mti haufuati rula. Sehemu nzuri ya kukatia haikai pale ulipoandika. Tulichokubaliana ni kuandika kipimo kama kikomo: "hadi mita 1.5, kulingana na mahali penye tawi la kufaa". Ndani ya kikomo hicho jicho linafanya kazi yake, na karatasi inabaki ya kweli.

Jambo jingine la mwezi huu ni sababu. "Mti ni mkubwa mno" si sababu, ni maelezo ya mti. Ukidai mti ni mgonjwa au una hatari, fomu inataka ushahidi wa mtaalamu. Ukidai unadidimiza nyumba, inataka ripoti za kitaalamu za jengo na za mti. Afisa hazitaki kwa kupenda makaratasi. Halmashauri ikikataa na hasara iliyotabirika ikatokea, mwenye mti anaweza kudai fidia ndani ya miezi 12 ikiwa hasara inafika pauni 500. Kwa hiyo ushahidi dhaifu unamfunga afisa mikono pande zote mbili: hana cha kukubalia na hana cha kukatalia.

22 Aprili: Vikao vya kila mwezi vimekufa

Wazo lilikuwa zuri kwenye karatasi: Jumanne ya kwanza ya mwezi, nusu saa na afisa, tunapitia kazi zinazokuja, tunakubaliana mapema. Cha kwanza kilifanyika na kilikuwa kizuri. Cha pili kiliahirishwa. Cha tatu afisa alisema waziwazi, kwa heshima, kwamba hawezi kuendelea.

Sababu mbili. Ya kwanza ni muda. Afisa huyu anashughulikia maombi ya miti ya wilaya nzima, anatoa maoni kwenye maombi ya ujenzi yanayogusa mizizi, anapokea malalamiko ya matunda yanayodondoka juu ya magari, na ameajiriwa siku tatu kwa wiki. Ya pili ni nzito zaidi. Kikosi kimoja kikiwa na kikao cha faragha cha kila mwezi, vikosi vingine vitauliza vyao viko wapi, na jirani aliyepinga ombi atauliza kama uamuzi ulifanyika ndani ya kikao hicho. Watu hawajasahau Sheffield, ambako maelfu ya miti ya barabarani ilikatwa chini ya mkataba wa halmashauri ulioanza 2012, na ripoti ya uchunguzi huru ya Machi 2023 ikaikosoa vikali halmashauri ya jiji. Tangu hapo afisa yeyote mwenye akili anataka kila neno lake liwe na karatasi nyuma yake.

Badala yake: barua pepe moja kila baada ya wiki mbili, yenye maswali ya jumla tu. "Kwa tilia zenye machipukizi shinani, unapendelea ombi la mara moja au la kurudiwa kila mwaka?" Swali kama hilo analijibu kwa dakika mbili na jibu linatumika kwa yeyote. (Jibu lilikuwa: ombeni la kurudiwa, kibali kinaweza kuwekewa sharti hilo, mtaniondolea fomu kila mwaka.) Swali la "utatukubalia ule wa mtaa fulani?" hatuulizi tena.

Na tumejiwekea mwiko mmoja: hakuna anayemwambia mteja "afisa amekubali" kabla barua haijafika. Maneno hayo husafiri. Yakimfikia afisa kupitia kwa mteja aliyekasirika, umeharibu zaidi ya ombi moja.

3 Juni: Taarifa iliyozaa amri

Bustani ndani ya eneo la urithi, mti wa tilia mzuri mbele ya nyumba, hauna amri. Mteja anataka uondoke kwa sababu ya utomvu wa wadudu unaodondokea gari. Tukatuma taarifa ya wiki 6.

Hapa wageni wengi huteleza, kwa hiyo nakaa kidogo. Taarifa si ombi. Halmashauri haiwezi kuikataa wala kuiwekea masharti. Ina njia mbili tu: iache kazi iendelee, kwa kusema hivyo au kwa kunyamaza hadi wiki 6 ziishe, au itoe amri ya ulinzi juu ya mti ule. Haina ya katikati. Basi ukitaka kukata mti mzuri unaoonekana barabarani, unamlazimisha afisa achague kati ya kuupoteza na kuulinda. Wiki ya tano amri ilitoka. Ya namna hii huanza kufanya kazi papo hapo kwa muda, watu wanapewa angalau siku 28 za kutoa pingamizi, na halmashauri ina miezi 6 ya kuithibitisha.

Mteja aliona tumemuuza. Mti wake uliokuwa huru sasa una amri, na aliyeandika barua iliyoamsha ofisi ni sisi. Alitaka amana yake, tukairudisha, pauni 200. Aliwaambia majirani wawili ambao tulikuwa tumewapa bei, nao wakapotea.

Tulijaribu kwanza njia ya kumwomba afisa alegeze, apokee mpango wa kupogoa badala ya kukata. Alijibu kuwa amri imeshatoka na kwamba sasa tuombe kibali kama kawaida. Alikuwa sahihi. Ila aliongeza sentensi iliyotufaa: kama taarifa ingekuwa ya kupogoa tangu mwanzo, asingekuwa na haja ya kutoa amri.

Kwa hiyo marekebisho yalikuwa upande wa mteja. Karatasi yetu ya bei ya maeneo ya urithi sasa ina aya moja, kwa maneno mepesi: taarifa ya kukata mti wenye afya unaoonekana na umma inaweza kusababisha amri ya kudumu, taarifa ya kupogoa kwa kiasi mara chache huleta hilo, chagua, weka sahihi. Tunaisoma pamoja naye mezani. Tumeshapoteza kazi mbili kwa sababu ya aya hiyo, na sijutii.

29 Julai: Uliokufa na unaokufa

Fraxinus excelsior, mti ambao hapa kila mtu anauita ash, umeshikwa na kuvu iliyothibitishwa nchini mwaka 2012, Hymenoscyphus fraxineus, yenye asili ya Asia ya Mashariki. Mti ukishaugua sana unakauka na kuwa mwepesi kuvunjika. Hatumpandishi mtu kwa kamba, tunakodi jukwaa la kunyanyulia watu. Kodi ya siku moja na dereva ilitutoa pauni 380.

Ubishi wetu na ofisi ulikuwa juu ya msamaha wa sheria. Mti uliokufa hauhitaji kibali, unatosha kuandikiwa notisi ya siku 5 za kazi. Mafundi wa zamani wamezoea sheria ya kabla ya 2012, iliyosamehe pia mti unaokufa na mti wenye hatari. Kanuni za 2012 ziliviondoa vyote viwili. Kilichobaki ni mti uliokufa kweli, matawi makavu kwenye mti ulio hai (haya hata notisi hayahitaji), na kazi ya haraka ya kuondoa hatari ya papo hapo ya madhara makubwa. Ash yenye theluthi moja ya majani haijafa.

Mteja aliita wakati mti ukiwa na majani machache juu. Tuliandika notisi ya siku 5 na picha zetu tatu. Afisa alitujibu siku ya nne: katika picha ya pili naona majani, huu haujafa, ombeni. Wiki 8 zikaanza, na jukwaa tulikuwa tumeshalikodi. Nusu ya kodi haikurudi.

Kilichosaidia baadaye ni kutumia kipimo ambacho pande zote mbili zinakijua. Ash zenye ugonjwa hupangwa madaraja manne kwa majani yaliyobaki: la kwanza asilimia 100 hadi 75, la pili 75 hadi 50, la tatu 50 hadi 25, la nne chini ya 25. Sasa kila ombi la ash linataja daraja, mwezi uliotazamwa, na kilicho chini yake: barabara, uwanja wa watoto, au kichaka tu. Ash ya daraja la nne juu ya njia ya shule ilipata kibali ndani ya wiki mbili. Ya daraja la tatu katikati ya malisho iliulizwa: kwa nini isiachwe ianguke yenyewe? Mteja hakuwa na jibu. Sisi pia hatukuwa nalo, tukaondoa ombi.

Kumbuka pia deni lililofichika. Mti wenye amri ukiondolewa kwa kuwa umekufa, mwenye ardhi anatakiwa apande mwingine mahali pale. Tunaiandika kwenye bei tangu mwanzo, na tunapendekeza aina. Afisa anafurahi kuliko unavyodhani akiona mstari huo bila kuuomba.

7 Oktoba: Popo

Fupi. Tundu kwenye mwaloni, mita 5 juu, lenye doa la mafuta mdomoni na vinyesi vidogo chini yake. Kibali tulikuwa nacho mkononi. Kibali cha miti hakimpi mtu ruhusa ya kuvuruga makazi ya popo, hata wakiwa hawamo. Hiyo ni sheria nyingine na leseni nyingine. Tulisimama, tukampigia mtaalamu wa popo, tukamwandikia afisa siku hiyo hiyo pamoja na picha. Hakuwa na wajibu wa kufanya chochote, lakini aliweka barua yetu kwenye faili. Tawi lile tumeliacha, mengine tumepogoa baada ya mtaalamu kuturuhusu. Gharama: siku moja ya kikosi kizima.

9 Desemba: Baada ya Darragh

Dhoruba Darragh ilipiga usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 7. Onyo jekundu lilikuwa la Wales na pwani ya kusini magharibi. Kwetu halikufika rangi hiyo, lakini upepo ulitosha. Saa mbili asubuhi tuliitwa kwenye mti wa beech wenye amri, uliopasuka kwenye panda. Nusu yake imelala juu ya paa la jirani, nusu nyingine imesimama na ufa unaofunguka kila upepo ukivuma. Wikendi, halmashauri imefungwa, namba ya dharura inashughulikia barabara na si bustani za watu.

Hapa ndipo mtu hujaribiwa. Kikosi kiko pale, mashine iko pale, mteja anasema maliza shina lote leo, nitalipa. Msamaha wa dharura unaruhusu kinachohitajika kuondoa hatari ya papo hapo, si zaidi. Tukiondoa nusu iliyolala na kuipunguza ile iliyosimama hadi isitishie paa, hatari imekwisha. Shina la mita 6 linabaki. Mteja alikasirika, kwa sababu atalipia jukwaa mara ya pili.

Tulipiga picha kabla, katikati na baada. Kwenye kitako cha shina kulikuwa na ukoko mweusi kama makaa yaliyomwagiwa maji: Kretzschmaria deusta, kuvu inayoufanya mti wa beech uvunjike ghafla chini huku majani yakiwa mabichi juu. Tukagonga kwa nyundo, tukaandika mahali sauti ilipobadilika, tukakata kipande kidogo cha ukoko kikawekwa mfukoni na tarehe. Vyote vilitumwa kwa barua pepe kabla hatujaondoka, ingawa tulijua hakuna atakayesoma hadi Jumatatu. Kanuni zinataka notisi ya maandishi mapema iwezekanavyo, na saa ya barua pepe ni ushahidi.

Jumamosi hiyo hiyo mchana mtu alitushtaki halmashauri kwamba tunakata mti wenye amri wikendi ili kukwepa ofisi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Leo asubuhi afisa alipofungua malalamiko, alikuta barua yetu iko juu yake. Alikuja saa sita, akaligonga shina mwenyewe, akasema shina lililobaki linaweza kuombewa na kuvu ile ndiyo sababu. Malalamiko yamefungwa leo leo.

Mteja bado ana hasira kuhusu jukwaa la pili. Tumempunguzia pauni 150 kwenye kodi ya jukwaa hilo. Hiyo naihesabu ni gharama ya mradi.

20 Januari 2025: Afisa ameondoka

Afisa wetu amehamia halmashauri nyingine. Nafasi imeshikwa na mshauri wa muda anayefanya kazi kutoka mbali na kuja wilayani mara moja moja. Hajui kikosi chetu wala sisi hatumjui, na hatuna haraka ya kumzoea kwa kahawa.

Ombi la kwanza lililomfikia lilikuwa la shina la beech. Alikubali kwa barua tupu, bila kuja, akanukuu sentensi zetu kuhusu kuvu na nyundo neno kwa neno kwenye ripoti yake. La pili, la kuondoa matawi ya chini ya miti mitatu ya tilia juu ya njia, alilirudisha: anataka kipenyo cha kila tawi litakalokatwa kwenye shina kiandikwe, si kimo cha mwisho peke yake. Aliyetangulia hakuwahi kuuliza hilo. Mpandaji mkongwe alinung'unika, akaenda akavipima, na matawi mawili yaligundulika ni manene kuliko tulivyodhani. Tumebadilisha kazi, yatafupishwa badala ya kuondolewa shinani. Safu ya vipenyo imeingia kwenye karatasi.

Yanayosubiri: uamuzi wa tilia hizo, wiki 8 zinaisha katikati ya Machi. Rufaa ya mteja mmoja aliyenyimwa kibali cha kuukata mwaloni wenye afya. Ana siku 28 tangu apokee uamuzi, ataiandika mwenyewe, sisi tumekataa kuiandika kwa sababu afisa alikuwa na hoja. Mti wa kupandwa badala ya beech bado haujapandwa; msimu wa miche ya mizizi mitupu unafungwa Machi, na mteja anataka aina ambayo haitakua. Tumempelekea majina matatu ya miti midogo. Amechagua mojawapo, lakini anataka bei ya kuupanda iondolewe kwenye bili ya jukwaa.